Tusipime Masikio Tukidhani Tunapima Miguu

Wahenga walinena kwamba kila mlango kwa ufunguo wake. Katika miaka zaidi ya thelathini ya kushika chaki nimeurudia usemi huu mbele ya wanafunzi mara zisizo na idadi, nikiufafanua na kuutolea mifano, bila kudhani kwamba siku moja ungenigeukia mimi mwenyewe na kunisuta. Siku hiyo ilifika mwaka jana, katika chumba kimoja cha tathmini mjini, huku kwetu pwani, nilikokuwa nimemsindikiza mwanafunzi wetu wa miaka tisa pamoja na mama yake.

Mtoto huyo ana usonji, hali ambayo wengine huiita tawahudi. Maneno yake ni machache, na hayo machache huyatamka anapotaka yeye, si anapotakiwa. Hatukwenda pale kutafuta jina la hali yake, kwani hilo lilikuwa limekwisha kujulikana. Tulipelekwa na mwendo wake. Alikuwa akitembea kwa ncha za vidole, akijigonga kwenye madawati, akishuka ngazi kwa kutua miguu yote miwili katika kila kipandio. Mpira ukirushwa kwake, aliuacha umgonge kifuani ndipo ainue mikono. Walimu wenzangu walitaka kuelezwa anaweza nini na hawezi nini, ili wajue la kufanya naye uwanjani, ngazini na njiani.

Mtathmini wetu alikuwa mtu mpole, mwenye foleni ndefu ya watoto mlangoni. Alichukua fomu, akaketi, akasema: "Simama kwa mguu mmoja." Mtoto akatazama pangaboi lililokuwa likizunguka darini. Agizo likarudiwa, mara hii kwa sauti ya juu zaidi. Mtoto akaziba masikio. Kalamu ikaandika: hawezi. "Ruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye ule mstari." Hawezi. "Daka mpira huu kwa mikono miwili." Hawezi. Haikupita robo saa, fomu ikawa imejaa.

"Mwalimu," mama yake akaninong'oneza, "mbona nyumbani hupanda mwembe?"

Nilimwashiria anyamaze, tusije tukamharibia mtaalamu kazi yake. Ishara hiyo ya mkono naitaja hapa kwa aibu.

Tulitoka nje kungojea muhuri. Fomu ilipendekeza kwamba mtoto asishirikishwe katika mazoezi ya viungo, na kwamba atafutiwe shule maalumu ya bweni, mbali na kwao. Mama aliisoma, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Wakati huo huo mtoto, ambaye kiatu chake kilikuwa kimeingia changarawe, alisimama katikati ya baraza kwa mguu wa kushoto, bila kushika ukuta wala mtu, akavua kiatu cha kulia, akakikung'uta vizuri, akachungulia ndani kuhakikisha, kisha akakivaa. Mimi na mama yake tulitazamana. Jambo lile lile ambalo kalamu ilikuwa imelikana mara tatu, macho yetu yalikuwa yameliona bila kuagizwa na mtu.

Sikuandika makala haya ili nimshutumu mtathmini yule. Waama, ningekuwa mimi kitini pake ningeandika vivyo hivyo, na nitaeleza baadaye kwamba niliwahi kuandika mabaya zaidi. Ninachotaka kusema ni hiki: tunapomwagiza mtoto mwenye usonji kwa maneno matupu, kisha tukahesabu alichofanya, hatujapima miguu yake. Tumepima masikio yake, uelewa wake wa lugha, hofu yake ya chumba kigeni na hamu yake ya kutupendeza. Hayo yote yana umuhimu wake, lakini si mwendo. Na kosa hili si dogo, kwa sababu neno "hawezi" likishaandikwa huhamia na mtoto kutoka darasa hadi darasa, likimtangulia kila mlango anaotaka kuuingia.

Pengine msomaji atauliza: kwani usonji unahusiana vipi na miguu? Si hali ya mawasiliano na mahusiano? Swali hili ni la haki. Leo Kanner, daktari aliyechapisha maelezo ya watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, alitaja kwamba baadhi yao walikuwa wazito katika mwendo na matendo ya mwili mzima, ingawa vidole vyao vilikuwa na ustadi. Mwaka uliofuata, 1944, Hans Asperger wa Vienna alimweleza mvulana ambaye hata alipojitahidi kumfuata kiongozi wa mazoezi, mwili wake ulikakamaa na kukosa ulaini. Kwa hiyo tangu mwanzo jambo hili lilionekana. Hata hivyo, utambuzi wa usonji ulijengwa juu ya nguzo nyingine. Katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, nguzo hizo ni mbili: ugumu wa mawasiliano na mahusiano, na tabia za kujirudiarudia, zikiwemo zile za kupungapunga mikono au kuyumbayumba. Uzito wa mwendo hutajwa pembeni tu. Matokeo yake ni kwamba mtoto huweza kupimwa usonji kutoka utosini hadi mdomoni, na miguu yake isiulizwe chochote.

Ilhali miguu hiyo ina mengi ya kusema. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2009 na Dido Green na wenzake uliwapima watoto 101 wenye usonji kwa kipimo kimoja mashuhuri cha mwendo. Asilimia 79 walionekana kuwa na ugumu dhahiri, na asilimia 10 nyingine walikuwa mpakani. Mwaka 2020 Anjana Bhat wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, alitoa uchambuzi wa majibu ya wazazi wa watoto zaidi ya 11,000 wenye usonji. Takriban asilimia 87 walikuwa katika hatari ya kuwa na ugumu wa mwendo, lakini waliokuwa wakipata tiba ya viungo ni kama thuluthi moja tu. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye utajiri ule, sembuse kwetu?

Lakini takwimu nazo zisomwe kwa makini. Katika utafiti ule wa Uingereza, watoto wenye akili ya kiwango cha chini ndio walioonekana kuwa na ugumu mkubwa zaidi wa mwendo. Huenda miili yao kweli ilikuwa na shida zaidi. Huenda pia baadhi yao hawakuelewa walichotakiwa kufanya. Kipimo chenyewe hakiwezi kutuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Anayeweza kutuambia ni mpimaji aliyejua kuuliza kwa njia zaidi ya moja.

Hebu tukiangalie kipimo hicho kilivyo, maana walimu wengi hukisikia kwa jina tu. Kinaitwa Movement ABC, na toleo lake la pili lilitoka mwaka 2007 likiwahusu watoto wa miaka 3 hadi 16. Mtoto hupewa kazi nane zilizogawanywa katika mafungu matatu: ustadi wa mikono, kulenga na kudaka, na mizani ya mwili. Mtoto wa miaka saba hadi kumi, mathalani, huchomeka vijiti katika matundu huku muda ukihesabiwa, hupitisha uzi katika vishimo, hudaka mpira, hurusha mfuko mdogo wa maharagwe kwenye mkeka, husimama juu ya kibao chembamba, na huruka kwa mguu mmoja kutoka mkeka hadi mkeka. Alama zake hulinganishwa na za watoto wa rika lake. Akiangukia miongoni mwa watano wa mwisho katika kila mia, huhesabiwa kuwa na ugumu dhahiri. Kati ya hapo na kumi na tano, huwekwa chini ya uangalizi. Ni kipimo kizuri. Ila viwango vyake vilitokana na watoto wa Uingereza, na maagizo yake yanahitaji mtoto anayesikiliza, anayetazama na anayekubali kuigiza.

Wataalamu wenyewe waliliona pengo hili. Mwaka 2011 Casey Breslin na Mary Rudisill wa Marekani walichapisha jaribio sahili linalostahili kujulikana na kila mwalimu wa michezo. Waliwapima watoto 22 wenye usonji kwa kipimo cha kukimbia, kuruka, kurusha na kudaka, kila mtoto kwa njia tatu: maagizo ya kawaida, kadi ya picha kwa kila kazi, na ratiba ya picha inayoonyesha kazi zote kwa mfuatano. Watoto walipata alama za juu zaidi walipoonyeshwa kadi ya picha kuliko walipoagizwa kwa njia ya kawaida. Miguu ilikuwa ile ile, na uwanja ule ule. Kilichobadilika ni ufunguo uliotumika kufungua mlango.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika mfumo wake wa uainishaji wa mwaka 2001, linatenganisha mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyachanganya. Kuna uwezo, yaani lile ambalo mtu anaweza kulifanya katika mazingira yaliyosawazishwa kwa ajili ya kipimo. Na kuna utendaji, yaani lile analolifanya hasa nyumbani, njiani na shuleni. Mtoto anaweza kutembea juu ya mstari chumbani akashindwa kuvuka uwanja wenye kelele za watoto mia tano. Mwingine, kama huyu wetu, hushindwa chumbani na kufaulu barazani. Tathmini inayogusa upande mmoja tu ni nusu ya tathmini.

Nirudi barazani. Nilijikaza, nikamrudia mtathmini, nikamweleza tulichokiona. Kwa hisani yake hakukasirika. Alitupangia siku nyingine, mapema asubuhi, kabla foleni haijajaa. Nyumbani mama alimpiga ndugu wa mtoto huyo picha nane: akisimama kwa mguu mmoja, akiruka, akidaka. Tuliziandaa kwenye kadi. Pangaboi likazimwa. Mtoto akaachwa azungukezunguke chumbani mpaka aliporidhika nacho. Kisha akaonyeshwa picha, akaonyeshwa mfano, akangojwa. Kungojwa huku, wasomaji wapenzi, ndiko kulikuwa kugumu kwetu sisi watu wazima kuliko yote, kwani tumezoea kwamba jibu lisilokuja kwa sekunde mbili si jibu.

Kwa mguu wa kushoto alisimama sekunde kumi na mbili. Kwa mguu wa kulia alisimama sekunde nne, akayumba, akajaribu tena, akapata nne zile zile. Kuruka alijaribu mara tatu akaanguka zote tatu, akicheka. Kudaka mpira kulimshinda hata kwa picha, hata kwa mfano, hata kwa mpira mkubwa na laini. Hapo ndipo neno "hawezi" lilipopata haki ya kuandikwa, mahali pake na kwa kiasi chake.

Sasa tazameni tofauti ya kumi na mbili na nne. Katika fomu ya kwanza tofauti hii haikuwepo, kwa sababu miguu yote miwili ilikuwa imeandikiwa sifuri. Katika fomu ya pili ilisimama wazi kama mwiba. Mtoto akaelekezwa hospitalini, na mtaalamu wa fiziotherapia akagundua kwamba kano ya kisigino cha mguu wa kulia ilikuwa imekaza na kufupika, jambo linaloweza kumpata mtoto aliyetembea kwa ncha za vidole miaka mingi. Sasa hunyoshwa mguu kila asubuhi na jioni, na usiku huvaa kifaa cha kuushikilia. Lau tungeridhika na fomu ya kwanza, kano hiyo ingeendelea kufupika huku sisi tukisema kwa huruma kwamba watoto wa namna yake ndivyo walivyo. Hili ndilo lililonishtua kuliko yote. "Hawezi" ya uongo haikumdhulumu mtoto tu kwa kuuficha uwezo wake. Ilimdhulumu pia kwa kuificha shida yake.

Nilisema kwamba niliwahi kuandika mabaya zaidi. Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu kijana, nimekabidhiwa paredi na michezo katika shule moja ya msingi. Alikuwako mvulana wa darasa la nne ambaye wenzake wakitanguliza mguu wa kushoto yeye hutanguliza wa kulia, wakisimama yeye huendelea, na kengele ikilia hukimbilia choo na kujificha. Sikumwandikia fomu. Nilimwandikia kwa kiboko, kama tulivyofanya wengi kabla adhabu hiyo haijapigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Nilimwita mvivu, nikamwita jeuri, na darasa zima likajifunza majina hayo kutoka kinywani mwangu. Muhula wa tatu hakurudi. Je, alikuwa na usonji? Siwezi kusema, na hakuna anayeweza kusema, kwa maana hakuna aliyempima. Ninachojua ni kwamba nilikuwa mtu mzima pekee aliyemwona akitembea kila asubuhi kwa mwaka mzima, na macho yangu sikuyatumia kwa lolote ila kumtafutia kosa.

Ndiyo maana nasema mwalimu ndiye mtathmini wa kwanza, atake asitake. Mtaalamu humwona mtoto kwa saa moja. Mwalimu humwona siku nenda siku rudi. Simaanishi kwamba tuyanyakue madaraka ya madaktari. Namaanisha tuwe mashahidi waaminifu. Na ushahidi huo una utaratibu wake, ambao hauhitaji fedha bali daftari na uangalifu.

Kwanza, tuandike tulichokiona, si tulichohukumu. "Mvivu wa kupanda ngazi" ni hukumu. "Hupanda ngazi kwa kutua miguu miwili kila kipandio, hushika ukuta kwa mkono wa kushoto, hutumia muda mrefu kuliko wenzake" ni ushahidi. Sentensi ya pili humsaidia daktari. Ya kwanza humsaidia mwalimu asiye na la kufanya.

Pili, tumtazame mtoto katika mambo anayoyachagua mwenyewe. Michezo ya watoto wetu ni maabara kamili. Katika kuruka kamba pana mizani na mahadhi. Katika mchezo wa kati, ambao watoto huukwepa mpira wakiwa katikati, pana kasi, kugeuka na kukadiria. Kufunga kamba za viatu, kubeba sahani ya chakula bila kumwaga, kupanda matatu na kushuka, kukwepa dimbwi la maji njiani: yote haya ni vipimo, na mtoto huyafanya bila kujua kwamba anapimwa.

Tatu, mtoto akishindwa, tujiulize maswali matatu kabla ya kuandika: je, alielewa? Je, alitaka? Je, mwili uliweza? Tubadilishe ufunguo kwa kila swali. Asipoelewa, tuonyeshe kwa picha na mfano. Asipotaka, tubadilishe mahali, saa au kifaa, au tumwachie mchezo anaoupenda uwe ndio kipimo. Yakishindikana hayo yote, hapo ndipo tuutaje mwili.

Nne, tujue dalili zisizongoja. Mtoto anayetumia upande mmoja wa mwili kuliko mwingine, anayeanguka zaidi kuliko zamani, anayelalamika au kuonyesha maumivu, au aliyepoteza ustadi aliokuwa nao, huyo apelekwe hospitalini bila kukawia. Usonji pekee haumnyang'anyi mtoto wa shule mwendo aliokwisha kuupata. Likitokea hilo, pana jambo jingine la kutafutwa. Tukumbuke pia kwamba baadhi ya watoto hawa wana kifafa, na kwamba dawa nyingine za kifafa huweza kuyumbisha mizani ya mwili. Orodha ya dawa iandamane na mtoto kwenye tathmini.

Tano, tusiwasahau vijana wanaobaleghe. Aghalabu tathmini hufanywa mtoto akiwa mdogo, kisha faili hufungwa. Lakini mwili wa miaka kumi na minne si ule wa miaka sita. Miguu hurefuka ghafla, uzito huongezeka, na mizani iliyokuwa imepatikana huweza kuvurugika. Fauka ya hayo, kuna hali iitwayo katatonia, ambapo kijana hupunguza mwendo, huganda mlangoni asiweze kuvuka kizingiti, au huanza tendo akashindwa kulimaliza mpaka aguswe au aambiwe. Lorna Wing na Amitta Shah wa Uingereza, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2000, waliikuta kwa asilimia 17 ya wagonjwa wao wenye usonji waliokuwa na umri wa miaka 15 na zaidi. Mwalimu asiyelijua hili atamwona kijana aliyeganda mlangoni na kumwita mwenye kiburi. Kijana huyo anahitaji daktari, si kemeo.

Watakuwako watakaosema kwamba haya ni anasa. Kwamba mwalimu mwenye wanafunzi sitini hawezi kushughulika na kisigino cha mmoja. Naijua hoja hiyo, nami nimeitumia. Lakini tujiulize: katika hao sitini, ni wangapi wanaohitaji jicho hili? Mmoja, labda wawili. Sentensi mbili kwa wiki katika daftari haziwezi kumshinda mwalimu anayesahihisha madaftari sitini kila jioni. Isitoshe, picha iliyomsaidia mtoto mwenye usonji huwasaidia pia wale ambao hawasikii vizuri, wale wageni wa lugha, na wale waliokuwa wakiota mchana agizo lilipotolewa.

Kwa upande wa serikali, nchi yetu haianzi sifuri. Vituo vya tathmini ya elimu vilianzishwa nchini Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ilifuata mwaka 1986, na imewafunza walimu wengi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inavyomfaa. Mtaala wa umilisi nao, ulioingia madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, umejengwa juu ya swali la kile ambacho mwanafunzi anaweza kufanya. Kwa hivyo ombi langu kwa wakuu wa elimu si la mabilioni. Fomu ya kila mtoto mwenye usonji iwe na sehemu ya mwendo. Kando ya kila "hawezi" pawe na nafasi ya kueleza aliulizwa kwa njia gani na mara ngapi. Kila kituo kiwe na kadi za picha, zilizopigwa hapa kwetu, zenye watoto wa sura na sare za kwetu. Na mzazi aulizwe kabla ya kalamu kuandika, kwa kuwa mama aliyeona mwembe ukipandwa ni shahidi, hata kama hana cheti.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msidhani kwamba mambo haya ni ya wakubwa pekee. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, wakiwemo wenye ulemavu, wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Hizo dakika hazipatikani katika fomu. Zinapatikana uwanjani, na mlinzi wa lango la uwanja ni nyinyi. Mnapochagua timu na kumwacha mmoja kando ya mstari kila jioni, mmekwisha kumwandikia "hawezi" bila kalamu. Mwonyesheni kwanza, msimkemee, mpeni mpira mkubwa, mpeni muda. Asipotaka, muulizeni kesho tena.

Mtoto wetu hakupelekwa bweni. Bado yuko darasani kwake, na katika kipindi cha mazoezi ya viungo ana kadi zake tatu zilizoning'inizwa shingoni kwa uzi. Mpira bado humgonga kifuani. Wiki jana, lakini, mikono iliinuka kabla haujamfikia. Ulipenya katikati ya viganja na kwenda zake, naye akaukimbilia, kisigino cha kulia kikikaribia kugusa ardhi.

Fomu zote mbili nimezihifadhi katika saraka yangu ofisini. Walimu vijana wanaokuja kufanya mazoezi ya kufundisha huwaonyesha, ya kwanza kisha ya pili, nao huuliza iwapo ni za mtoto mmoja. Kisha huwasimulia habari za yule wa mwaka 1994, ambaye kama yu hai amekwisha kupita miaka arobaini. Yeye hana fomu hata moja, na hilo ndilo deni ambalo sitalilipa.